Amazon Prime na kitufe ambacho hakikufuta kitu: uchambuzi wa kesi ya dola bilioni 2.5

Hii kesi wengi waliisikia juu juu tu, kwamba Amazon wamelipa dola bilioni 2.5 huko Marekani kwa sababu ya Prime, wakasema aah hao wana hela, wakaendelea na mambo yao. Lakini kama unatengeneza programu, au umewahi kutafuta sehemu ya kujitoa kwenye kitu unacholipia ukazungushwa mpaka ukakata tamaa, hii ndo ya kuifuatilia kwa utulivu. Humu hawakushtakiwa kwa bei wala kwa kuua washindani, japo hizo kesi nazo wanazo. Walishtakiwa kwa mpangilio wa skrini: vitufe, rangi, ukubwa wa maandishi, ukurasa upi utangulie upi. Vitu ambavyo sisi watu wa programu tunavijadili dakika kumi kwenye kikao afu tunapiga kura tunahamia ajenda nyingine.

Kwa ufupi ilikwenda hivi. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilianza kuwachunguza Machi 2021, ikafungua kesi tarehe 21 Juni 2023 kwenye mahakama ya shirikisho Seattle, jaji John Chun. Septemba 2023 wakaongeza majina ya maofisa watatu wa juu wa kampuni kama washtakiwa. Amazon wakaomba kesi itupwe, Mei 2024 jaji akakataa. Tarehe 17 Septemba 2025 jaji akaamua sehemu moja ya kesi kabla hata juri haijakaa, na uamuzi ule uliwaumiza Amazon. Wiki iliyofuata juri ikakaa, na siku chache tu baadae, tarehe 25, Amazon wakakubali kulipa: bilioni 1 faini, bilioni 1.5 kurudishiwa wateja. Hawakukiri kosa. Na kesi ilifunguliwa FTC ikiwa chini ya Lina Khan enzi za Biden, ikamalizwa chini ya Andrew Ferguson enzi za Trump, kwa hiyo wale wanaopenda kusema ni siasa za chama fulani hapa hawana pa kushika.

Sasa tuingie kwenye skrini zenyewe maana ndo penye kisa.

Prime ni uanachama wa kulipia. Ulianza Februari 2005 kwa dola 79 kwa mwaka, mzigo unakufikia ndani ya siku mbili bila kulipia usafirishaji, baadae wakaongeza video, muziki na mazagazaga mengine, na tangu 2022 bei ya Marekani ni dola 139 kwa mwaka au 14.99 kwa mwezi. Kwa mtu anayenunua sana ni dili zuri, hilo halina ubishi, kufikia 2021 walikuwa na wanachama zaidi ya milioni 200 duniani. Wengi wao walijiunga kwa hiari yao wakijua wanachofanya, na hawa sio wanaozungumziwa kwenye kesi.

Wanaozungumziwa ni wengine. Unanunua kitu, tuseme chaja, umefika kwenye hatua ya kulipa, una haraka zako. Katikati ya njia linakukatiza tangazo la Prime, kitufe kikubwa chenye rangi kinachokuahidi usafirishaji wa bure. Kukataa kupo, ila kukataa kwenyewe ni mstari mdogo wa maandishi, tena yameandikwa kama yanakusuta, hapana asante sitaki usafirishaji wa bure wa haraka. Nani mwenye akili timamu anataka kubonyeza sentensi kama ile? Na FTC walisema zaidi ya hapo, kwamba kwenye baadhi ya njia za kununulia, kitufe cha kumalizia manunuzi hakikusema waziwazi kwamba ukikibonyeza umejiunga pia na uanachama utakaojirudia kukukata. Wewe unajua umenunua chaja, kumbe umenunua chaja na Prime, kadi yako walishakuwa nayo, na mwezi unaofuata ndo unashangaa kwenye taarifa ya benki kuna mtu amechota.

Kuingia, kwa hesabu ya FTC, ilikuwa mbonyezo mmoja au miwili. Kutoka ilikuwa kurasa 4, mibonyezo 6 na machaguo 15, hiyo ukiwa kwenye kompyuta.

Hiyo njia ya kutokea inastahili kuangaliwa polepole. Kwanza uipate, imo ndani ya menyu ya akaunti, menyu yenyewe ndefu imejaa viungo. Ukishaipata unafika sehemu ya kusimamia uanachama wako, unakuta kitufe kimeandikwa maliza uanachama. Unabonyeza. Uanachama haujaisha. Umeletwa ukurasa unaokukumbusha mema yote uliyotendewa na Prime, na chini yake kuna machaguo, nikumbushe baadae, niache na faida zangu, endelea kufuta. Unachagua kuendelea. Unaletwa ukurasa mwingine unaokushauri kwamba labda tatizo ni bei, si uhamie malipo ya mwaka utaokoa kidogo, au kama ni mwanafunzi kuna punguzo. Unaendelea. Ukurasa wa mwisho nao unakuuliza unataka kusimamisha kwa muda, au kumaliza tarehe ya malipo ikifika, au kumaliza sasa hivi. Hapo kwenye kumaliza sasa hivi ndo pa kweli, wale wengine wote walikuwa wanakupiga danadana. Na njiani kote kuna viungo vya kwenda kuangalia video au ofa, ukijichanganya ukabonyeza kimoja umetoka nje ya mlolongo, uanachama uko pale pale na hakuna anayekwambia kwamba hukumaliza.

Hicho kitufe cha kwanza ndo kinanikera kuliko vyote. Kurasa za kubembeleza naweza kuzivumilia, kila biashara inabembeleza mteja asiondoke. Lakini kitufe kilichoandikwa "maliza" ambacho hakimalizi ni uongo, hakuna jina lingine. Mtu anayebonyeza ana haki ya kufunga kompyuta yake akaamini kazi imeisha.

Ndani ya kampuni mlolongo huu uliitwa Iliad, jina la ule utenzi mrefu wa kale wa Wagiriki kuhusu vita ya Troya. Aliyelichagua alikuwa na ucheshi wake, na wanasheria wa FTC hawakuuacha upite hivi hivi, wakauandika kwenye hati ya mashtaka.

Utetezi wa Amazon ulikuwa kwamba kujiunga kuko wazi, kujitoa ni rahisi, na wateja wanaipenda Prime, na kwamba zile kurasa za katikati zinampa mteja taarifa muhimu kabla hajapoteza kitu chenye thamani. Halafu wakaleta hoja ya kisheria ambayo sio ya kipuuzi hata kidogo: sheria inasema lazima kuwe na njia "rahisi" ya kusitisha malipo, lakini hakuna mahali sheria imesema rahisi ni mibonyezo mingapi. Mwanasheria wao anasimama anasema mnatuhukumu kwa kipimo ambacho hamjawahi kukiandika. Mimi hii hoja naiheshimu. Ukiwa mtengeneza programu unataka kujua mstari uko wapi kabla hujauvuka, sio kuambiwa baada ya miaka sita.

Ila hoja hii inakufa ukiangalia Ulaya. Januari 2021 shirika la kutetea walaji la Norway lililalamika kuhusu kitu hiki hiki, njia ya kujitoa Prime, na mashirika mengine ya Ulaya na Marekani yakadaka. Tume ya Ulaya ikawaita Amazon mezani, na Julai 2022 kampuni ikakubali kwamba mteja wa Umoja wa Ulaya atajitoa kwa mibonyezo miwili, kupitia kitufe kinachoonekana, chenye maandishi yanayoeleweka. Dunia haikuanguka, Prime ya Ulaya iko hai mpaka leo. Sasa Marekani, kampuni hiyo hiyo na wahandisi hao hao, Iliad ikaendelea mpaka Aprili 2023, wakaiondoa miezi miwili kabla ya kufunguliwa mashtaka, na FTC wanasema hata hapo ni kwa sababu wao walikuwa wanasukuma. Kwa karibu miezi tisa basi Amazon walikuwa na njia rahisi iliyokwisha kujengwa na inayofanya kazi, wakaamua nani apewe na nani anyimwe kulingana na upande wa bahari anaoishi. Baada ya hapo usije kuniambia hukujua rahisi inafananaje.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu ambacho naona watu wengi waliozungumzia hii kesi walikipita, wakakimbilia kwenye hela. Ni majaribio.

Kampuni kubwa za programu hazibadilishi kitufe kwa kubahatisha. Wanachukua wateja, wanawagawa makundi mawili, kundi moja linaona skrini ya zamani, lingine linaona mpya, wanahesabu, skrini inayoleta namba nzuri inabaki. Kila siku wanafanya, na Amazon ni katika wanaojulikana kwa kupima kila kitu. FTC wakadai kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliosema wazi wateja wanaingizwa Prime bila kujua, wakapendekeza skrini ziwe wazi zaidi, zikajaribiwa, idadi ya wanaojiunga ikashuka, na viongozi wakachelewesha mabadiliko, wakayakwepa na mengine wakayarudisha nyuma.

Tulia hapo ufikirie maana yake. Umebadilisha maandishi tu, hujagusa bei wala huduma, kitu pekee ulichoongeza ni mtu kuelewa anachobonyeza. Waliojiunga wakapungua. Hao waliopungua ni akina nani? Sawa, sio wote walikuwa wanadanganywa, kuna ambao hawakuwa na uhakika wakaona ngoja niache. Ila humo ndani wamo watu ambao kwenye skrini ya zamani wangekuwa wanachama bila kujua, na kampuni sasa inayo makadirio ya idadi yao, inayo kwenye jedwali, yenye tarehe na jina la timu iliyofanya jaribio. Kabla ya jaribio unaweza kusema dizaini yetu ilikuwa mbaya kwa bahati mbaya, tulidhani watu wanaelewa. Baada ya jaribio, ukirudisha skrini ya zamani, umechagua. Umeamua kwamba wale waliochanganyikiwa ni mapato.

Mimi naona hapo ndo uwajibikaji wa kisheria kwenye programu unatakiwa kusimama. Kuhesabu mibonyezo ni kazi isiyo na mwisho, leo wataweka sita kesho watakupa minne migumu zaidi. Swali la maana ni ulipima nini, uliona nini, na ulifanya nini baada ya kuona. Programu ina hili la pekee, kwamba mtengenezaji anamwona mtumiaji akijikwaa muda ule ule anapojikwaa, tena kwa mamilioni. Anajua ukurasa gani watu wanakwama na wangapi wamerudi nyuma. Kwa hiyo ile kauli ya "hatukujua" kwenye hii biashara inatakiwa iwe ghali sana kuitamka.

Kwenye nyaraka za kesi kuna maneno yalitoka humo ndani kwa wafanyakazi na mabosi wenyewe. Mmoja alisema hii kazi ya kusukumia watu uanachama ni ulimwengu wenye ujanja-ujanja kidogo. Kwingine, kuwaingiza watu kwenye uanachama wasioutaka kuliitwa saratani isiyosemwa. Na kuna dai la FTC kwamba ofisa mmoja wa juu alipoulizwa kuhusu hizi mbinu alieleza kuwa watu wakishaingia, hata kama hawakujua wameingia, wataona jinsi huduma ilivyo nzuri na watabaki, hivyo hakuna shida. Hebu isome tena hiyo. Sio kauli ya mtu katili, ukiiangalia vizuri, ni kauli ya mtu anayeipenda bidhaa yake mpaka ameacha kuona kwamba ridhaa ya mteja ni kitu tofauti na furaha ya mteja. Nimewahi kukaa kwenye vikao vyenye hewa kama hiyo, wewe bila shaka pia, mtu anasema "watatushukuru baadae" na chumba kizima kinatikisa kichwa.

Kwa nini basi sheria ilifanikiwa kuwashika? Hapa panahitaji maelezo kidogo. Kwa miaka mingi FTC walikuwa na njia ya kwenda mahakamani na kudai hela za wateja zirudishwe kwa kutumia sheria yao mama. Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, ikasema kifungu mlichokuwa mnatumia hakiwapi hiyo nguvu. Ghafla tume imebaki bila meno kwenye kesi nyingi. Kilichobaki ni sheria ndogo ndogo zenye meno yake, na mojawapo ni ile ya Desemba 2010 inayolinda wanunuzi wa mtandaoni, inaitwa ROSCA, iliyotungwa baada ya Seneti kuchunguza makampuni yaliyokuwa yanadandia manunuzi ya watu na kuwaingiza kwenye vilabu vya kulipia wasivyovijua. Sheria fupi, ina masharti matatu tu: mweleze mtu masharti yote muhimu kabla hujachukua taarifa za malipo, upate ridhaa yake akiwa anaelewa, umpe njia rahisi ya kusitisha. Ukiivunja, faini inahesabiwa kwa kila kosa, zaidi ya dola 50,000 kwa kosa moja. Sasa zidisha hiyo na mamilioni ya watu. Hata ukipewa sehemu ndogo sana ya jibu, unaelewa kwa nini mtu anakubali kulipa bilioni mbili na nusu akiwa bado ana mashahidi wa kuwaita.

Na ule uamuzi wa jaji wa tarehe 17 Septemba, ulihusu sharti la kwanza. Jaji alisema Amazon walivunja sheria kwa kuchukua taarifa za malipo kabla ya kumwonyesha mteja masharti ya Prime. Yaani ni suala la mpangilio tu, kipi kimetangulia kipi kwenye mtiririko wa manunuzi, kitu ambacho mhandisi anakipanga asubuhi moja. Afu akaamua pia kwamba maofisa wawili wanaweza kuwajibika wao binafsi kama juri ingekuta makosa. Lile swali la kujitoa, Iliad ni rahisi au sio rahisi, liliachwa kwa juri, na juri haikupata nafasi ya kulijibu. Nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakiandika kwamba mahakama ilisema njia ya kujitoa ilikuwa haramu. Haikusema. Ilikuwa njiani kuulizwa, wakalipa.

Tukirudi kwa hao maofisa, kuna watu walilalamika kwamba ni uonevu kumshtaki mtu binafsi kwa dizaini iliyofanywa na mamia ya watu. Mimi siungi mkono hilo. Hawakushtakiwa vijana wanaochora vitufe, wala mhandisi aliyeandika msimbo. Walishtakiwa wale wenye uwezo wa kusema toleo jipya lisiende hewani. FTC walifanya hivyo hivyo na Adobe Juni 2024, kesi ya ada ya kujitoa mapema, nako maofisa wawili walitajwa kwa majina. Faini ya kampuni inalipwa na wenye hisa, na wao hawakukaa kwenye kile kikao. Ukijua jina lako linaweza kusomwa mahakamani Seattle, utaisoma ile ripoti ya jaribio mara mbili.

Hela sasa. Bilioni 2.5 inasikika kubwa, na ile bilioni 1 ya faini ndo kubwa kuliko faini yoyote iliyowahi kutozwa kwa kuvunja kanuni za FTC. Lakini faida halisi ya Amazon mwaka 2024 ilikuwa kama dola bilioni 59, gawanya kwa siku, ni kama siku kumi na tano za kazi imeisha. Mapato ya uanachama na huduma za kulipia mwaka huo huo yalipita bilioni 44. Kwa upande wa wateja, FTC walikadiria milioni 35 wameguswa, hivyo ukigawa ile bilioni 1.5 unapata wastani wa dola 43 kila mtu, na malipo kwa mmoja yamewekewa mwisho wa dola 51. Mtu aliyekatwa mwaka mzima bila kujua amelipa 139.

Kuna kipengele kwenye malipo hayo nimekipenda kwa sababu kinaonyesha namna mtu makini anavyotafuta waliodanganywa. Wanaolipwa moja kwa moja, bila kujaza fomu, ni waliojiunga kati ya 23 Juni 2019 na 23 Juni 2025 kupitia njia zilizolalamikiwa, na ambao ndani ya miezi kumi na mbili hawakutumia faida za Prime zaidi ya mara tatu. Unaona mantiki? Mtu anayelipia kitu na hakitumii, uwezekano mkubwa hajui kama anacho. Swali la kujiuliza ni kama Amazon wenyewe walishindwa kuendesha hesabu hiyo hiyo miaka yote hiyo, maana data ilikuwa kwao, ni mstari mmoja wa kuuliza kwenye hifadhidata. Wangeweza kumtumia mtu ujumbe, bwana tunaona hujatumia Prime mwaka mzima, bado unaitaka?

Kuliko hela mimi nathamini maagizo yaliyoambatana nazo. Lazima kuwe na kitufe wazi cha kukataa Prime, na ile ya "hapana sitaki usafirishaji wa bure" imekatazwa. Masharti yaonekane kabla. Kujitoa kuwe rahisi na kwa njia ile ile mtu aliyojiungia. Na awepo msimamizi wa nje wa kuangalia hela zinagawiwa inavyotakiwa. Mahakama ya shirikisho imekaa chini imeandika kitufe kisiseme nini. Miaka kumi na tano nyuma, mwaka 2010 mbunifu wa Uingereza Harry Brignull alipoanza kuorodhesha mitego ya aina hii kwenye tovuti, ilikuwa ni malalamiko ya watu wa fani tu, ya kucheka na kutumiana.

Wasiwasi wangu uko sehemu nyingine. Kesi hii iliegemea sana kwenye karatasi za Amazon wenyewe, na Amazon ni kampuni ya kuandika, mikutano yao inajulikana kwa kuanza na waraka wa kurasa sita watu wote wanausoma kimya. Wanaandika hoja, wanaandika pingamizi, wanaandika matokeo, ndo maana kulikuwa na cha kusoma mahakamani. Na bado Julai 2025 jaji aliwakemea kwa kuzuia maelfu ya nyaraka kwa kisingizio kwamba ni siri kati ya mteja na wakili, akasema tabia hiyo ni sawa na nia mbaya. Mkurugenzi wa kampuni nyingine akiiangalia hii, atajifunza kuwa mkweli kwa mteja au atajifunza kutokuandika? Naogopa wengi watachagua la pili. Jaribio litafanyika ila ripoti itakuwa ya mdomo, mfanyakazi mwenye dukuduku ataambiwa tulizungumzie kwa simu, na kila waraka utapigwa muhuri wa wakili hata kama ni orodha ya rangi za vitufe. Dawa ingekuwa kuweka kwenye sheria wajibu wa kutunza rekodi za majaribio yanayohusu ridhaa na kujitoa, kama mahesabu ya fedha yanavyotunzwa kwa ajili ya wakaguzi. Sijaona mtu akilisukuma hilo.

Kwa upande wa kanuni za jumla mambo sio mazuri. FTC walipitisha Oktoba 2024 kanuni ya kutaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, kwa kila biashara, ikawa ianze kutumika kikamilifu katikati ya Julai 2025. Tarehe 8 Julai, siku chache kabla, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane ikaifuta yote, na sababu haikuwa kwamba ni mbaya, ni kwamba tume iliruka hatua ya kufanya tathmini ya awali ya gharama inayotakiwa kanuni ikizidi athari ya dola milioni 100 kwa uchumi. Utaratibu tu. Kwa hiyo wamerudi kule kule kwa sheria ya 2010 na masharti yake matatu, kampuni moja baada ya nyingine, miaka miwili mitatu kila kesi.

Inayofuata kwenye foleni ni Uber. Aprili 2025 FTC waliwashtaki kuhusu uanachama wao wa Uber One, wakidai mtu anayetaka kujitoa anaweza kupitishwa skrini hadi 23 na kutakiwa kufanya vitendo 32. Uber wanakataa, wanasema watu wengi wanajitoa ndani ya sekunde 20 au pungufu. Hizo hesabu mbili haziko mbali kama zinavyosikika, maana inategemea unampima nani, aliyeenda moja kwa moja siku za katikati ya mwezi, au aliyekumbuka siku mbili kabla ya kukatwa. Wao wanajua ni wangapi kila upande. Ningekuwa wakili wa FTC pale, kabla sijaonyesha skrini hata moja, ningeomba matokeo ya kila jaribio walilowahi kufanya kwenye njia ile ya kutokea, na tarehe ambayo kila toleo lililoshinda lilikwenda hewani.